Mashine ya Mpunga Iliyopakwa Rangi ya Meli

Nilipenda ofisi ya fedha kama wenzangu walivyopenda dansi, na sijui namna ya kulisema hili kwa adabu zaidi. Wasichana niliosoma nao kwa masista walitaka kuwa wauguzi au wake za wafanyakazi wa reli. Mimi nilitaka kukaa mahali ambapo serikali huzungumzia fedha ambazo haina. Nikapapata. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya fedha ya Kindu na, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa hakiyumbi, nikawa pia mkalimani kila alipofika mgeni anayetaka kuzungumza na wakulima.

Miaka ile bei ya shaba ilikuwa imeanguka huko ng'ambo, na Zaire ilikuwa inakopa. Lo, ilivyokuwa ikikopa! Inakopa kwa Wazungu wa huku, inakopa kwa Wazungu wa kule, halafu inakopa tena ili kulipa ilichokopa. Nyumbani kwetu Mikelenge, mama akiazima chumvi kwa jirani aliificha chini ya kikwembe, kitenge chake, ili mtaa usijue. Serikali ilikopa mabwawa na viwanda, ikatangaza redioni, ikapiga ngoma. Kila asubuhi tulipofungua foni, ile redio ya kuzungumza na Kinshasa, na sauti ya huko ikaanza kutaja miradi, moyo ulinidunda. Niliona ni ujasiri mkubwa. Mama aliona ni kukosa haya.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa mtu wa Kasai, mnene, mwimbaji wa sauti nzito kanisani, mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa tope. Alipenda kunifundisha siasa ya mikopo huku akitafuna karanga, maganda yakimdondokea kwenye abakosti, lile koti la wakubwa lisilo na tai.

"Kukopa njo kujulikana," aliniambia. "Muntu hana deni, nani anamujua? Atakufa, hata mumoja hatakuja kuulizia."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni nikamrudia mama maneno yale, nikiiga na sauti yake nzito. Mama hakucheka. Alisema tu, "Kukopa arusi, kulipa matanga," akaendelea kupepeta mchele.

Hapo ndipo inapoingia mashine. Ukingoni mwa mto, Mikelenge inapoishia, palikuwa na mashine ya kukoboa mpunga iliyojengwa zamani za Wabelgiji. Babu yangu alitoka Lokandu kuja kubeba mawe ya msingi wake. Mama alipokuwa msichana, mpunga uliingia upande mmoja ukiwa na maganda na kutoka upande wa pili ukiwa mweupe, na wanawake waliketi kivulini wakisukana nywele wakingoja zamu. Halafu mali za wageni zikagawiwa wananchi, na mashine ikapata mwenyewe mpya aliyeijua mashine kama mimi ninavyojua kurusha ndege. Mkanda ukakatika, vyuma vikaondoka kimoja kimoja, mbuzi wakahamia ndani.

Tangu hapo wanawake wa Mikelenge walirudi kwenye kinu na mchi. Mama alitwanga mpaka bega lake la kulia likagoma. Asubuhi hakuweza kuinua mkono kufika kichwani, kwa hiyo kabla ya kwenda kazini mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Kisha nikiwa njiani nilisikia mchi wake ukianza, kwa mkono wa kushoto, taratibu, na hasira zikanipanda hadi ofisini. Asingeweza kuacha. Mpunga wenye maganda sokoni ulikuwa wa kubembeleza wanunuzi, na shamba ndilo lililokuwa limenisomesha.

Basi elewa nilivyojisikia asubuhi ile foni ilipokohoa na sauti ya Kinshasa ikasema: wakopeshaji wanakuja Kindu kutazama mashine ya mpunga. Hakikisheni inafanya kazi.

Mkuu wetu aliruka kutoka kitini. Mtu mnene akiruka, ofisi nzima inajua.

"Umesikia? Wamesikia kilio yetu! Wanataka kutukopesha mashine mupya!"

Nilipiga vigelegele. Ndiyo, katika ofisi ya serikali, chini ya picha ya Rais Mwanzilishi, nilipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni akachungulia kujua nani ameolewa. Tulikuwa tumeomba mashine mpya mara nyingi kwa foni ileile, na kila mara tulijibiwa kwamba jambo linashughulikiwa. Kumbe, tulisema, kweli lilikuwa linashughulikiwa.

Kisha tukagombana. Mimi nilisema tuwaonyeshe mashine jinsi ilivyo, na mbuzi wake ndani, na bega la mama yangu likiwezekana. Mgeni anayekuja kutoa mkopo aone shida, ndipo mfuko ufunguke. Mkuu akanitazama kwa huruma.

"Sikiya, mutoto. Ukienda kuomba mukopo, unavaaka nguo ya muzuri ao nguo ya kupasuka?"

"Nguo ya muzuri, Mukubwa."

"Basi! Maskini wanamupatiaka sadaka. Mukopo wanamupatiaka mwenye anaonekana atalipa. Tutafufua ile mashine kwa siku moja, waone Kindu iko na watu wa kazi. Halafu tutawaambia: ona, hii ya zamani imechoka, mutupatie mupya."

Lazima niseme ukweli, nilishindwa. Hoja ilikuwa na miguu. Na tena Kinshasa yenyewe ilikuwa imesema mashine iwe inafanya kazi. Ni nani angedhani kwamba amri ile ilikuwa na sababu nyingine? Kwetu Maniema mgeni hapokewi kwenye nyumba yenye vumbi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unafagia uwanja, unaazima viti kwa jirani, unachinja kuku uliyekuwa umemweka kwa ajili ya mayai, na mgeni anaondoka akidhani hivyo ndivyo unavyokula kila siku. Tuliipokea benki kama tunavyompokea mkwe.

Nilipomweleza mama mpango, alinisikiliza hadi mwisho. "Nguo ya kuazima haisitiri makalio," alisema. Halafu nikaona macho yake yameanza kutembea. "Lakini itazunguka kweli? Itakoboa?"

"Itakoboa, mama. Siku moja."

"Siku moja pia njo siku," alisema mama.

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya umma ambayo kwa kawaida watu huifanya wakiegemea majembe. Jumamosi ile hakuegemea mtu. Mbuzi walifukuzwa wakilia. Mafundi wa reli walikuja na spana zao na mkanda walioushona kutoka vipande vya mikanda ya karakana, na kwa kuwa Mkuu wetu alikuwa akiimba nao kwaya moja, walikubali kutuazima hata mazutu, yale mafuta ya dizeli ya injini ya treni. Bandarini tukapata rangi ya kijani ya kupaka meli, nzito, ya aina ile isiyokauka haraka wakati wa mvua. Tulipaka kuta, tukapaka mabomba, tukapaka moteri. Mimi mwenyewe nilipaka moteri, nikiwa nimefunga kikwembe cha zamani juu ya sketi ya ofisi, na nikafunika kila herufi na kila kutu. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Ningeweza kupaka rangi hata mto.

Halafu fundi akazungusha gurudumu. Kimya. Akazungusha tena. Moteri ikatoa moshi, ikapiga chafya, ikanyamaza. Mara ya tatu ikaamka. Jamani! Ardhi ilitetemeka chini ya miguu yetu. Watoto walikimbia, wazee walikimbia kuja. Nilimtafuta mama, nikamkuta amesimama karibu na ukuta ameweka kiganja juu ya jiwe, anasikiliza tu. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali. Nililia pia, na rangi yangu ya kijani usoni.

Siku ya wageni, uwanja wa ndege ulifurika. Kundi la animasyo, wale wacheza ngoma wa Chama, walikuwa wamevaa vikwembe vyenye sura ya Rais kifuani na mgongoni, na walianza kukata viuno kabla ndege haijatua. Alishuka kwanza mjumbe wa Kinshasa, mtu wa wizara, abakosti yake imenyooka na manukato yake yakitangulia mbele yake. Nyuma yake akashuka mkopeshaji, Mzungu mzee mrefu mwenye shingo nyekundu, amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa. Alikipeleka kila mahali kama mama mwenye mtoto mchanga. Nilijiuliza kama ni zawadi. Kumbe ilikuwa zawadi, ya namna yake.

Jambo moja niliona garini, na sikulielewa. Mjumbe wa Kinshasa alikuwa anatoka jasho. Si jasho la joto, joto tunalijua. Kila tulipokata kona alimwuliza Mkuu wetu kwa sauti ya chini, akimwita "raia" kwa Kifaransa cha Chama, "Sitwayeni, iko inatembea kweli?" Mkuu akajibu iko, Mukubwa, iko. Tulipokaribia mto, moteri ikasikika ikinguruma, na jengo likaonekana la kijani kibichi katikati ya majani. Mjumbe akapumua, akacheka kwa nguvu, akamkumbatia Mkuu wetu pale pale garini kama mtu aliyevutwa kutoka majini. Mkuu alinitazama juu ya bega la mjumbe na kunikonyeza. Nami nikamkonyeza. Tulijua tumeshinda.

Na mashine ilikoboa! Mama na wenzake walikuwa wamesimama kwa mstari na makapu ya mpunga. Mpunga ukaingia, mchele ukatoka, na wanawake wakapokea kwa nyungo wakiimba. Mzungu alitia mkono kwenye mchele, akaumwaga polepole kutoka kiganja kimoja hadi kingine, akatabasamu. Kisha mafundi walipunguza moteri ili isikike hotuba, na mimi nikapanda kwenye jukwaa la mbao kando yake, nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima, tayari kuifasiria Kindu nzima habari njema.

Alisema sentensi kwa sentensi, kwa Kifaransa safi, naye akaningoja kwa upole. Amefurahi kufika. Nikafasiri. Mto ni mzuri. Nikafasiri. Halafu akasema kwamba ni furaha kubwa kwake kuiona kwa macho yake mashine mpya ambayo nchi yake ilikuwa imeikopesha Zaire fedha za kuinunua, na ambayo alikuwa ameambiwa tangu zamani kwamba ilishafika Kindu na kusimikwa.

Kuna wakati akili hufanya kazi haraka kuliko moyo. Mkopo tuliokuwa tukiupakia rangi ulikuwa umeshatolewa. Umeshaliwa. Kuna watu huko Kinshasa waliokopa mashine kwa jina letu, mashine haikununuliwa, na sasa mkopeshaji alikuwa amekuja kuihesabu. Jasho la mjumbe. Amri ya foni. Sisi hatukuwa tunaomba mkopo. Tulikuwa tunamalizia kazi ya wezi kwa brashi zetu wenyewe, bure, tukiimba.

Mjumbe alinitazama. Alitabasamu kwa meno bila macho. Mkuu wetu, aliyekuwa amesikia Kifaransa kama mimi, alikuwa amegeuka rangi ya majivu na bado ameshika karanga moja mkononi.

Hasira zangu nazijua. Huja kama mvua ya Maniema, bila kubisha hodi. Niligeukia umati na kufasiri neno kwa neno, kwa sauti ambayo ilifika hadi mitumbwini. "Anasema: anafurahi kuona hii mashine mupya, yenye inchi yake ilikopesha Zaire franga za kuinunua, na yenye walimuambia ilifika Kindu zamani."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, wakafuata wengine, na kicheko kile hakikuwa cha furaha. Mama akasogea mbele. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, kama mwanafunzi.

"Aksanti, muzungu, na karibu kwetu," alisema. "Lakini hii mashine ilikuwaka hapa tangu niko mutoto. Baba yangu njo alibebaka mawe ya kuijenga. Sisi tunaipaka tu rangi juu ya kukupokea. Sasa ile mupya yenye unasema, iko wapi? Utuonyeshe, tuipokee nayo."

"Animasyo!" alipiga kelele mjumbe. "Animasyo! Ngoma!"

Ngoma zikalipuka. Viuno vikaanza kukatika, wimbo wa kumsifu Kiongozi ukapaa, na mashangilio yakafunika kila kitu. Mzungu aliniinamia. Akaniuliza sikioni, mama yule amesema nini? Nilimwona mjumbe akija kwa hatua ndefu katikati ya wachezaji. Nilimweleza Mzungu yote, haraka, kwa Kifaransa cha masista, bila kuacha hata jiwe moja la babu yangu.

Alishuka jukwaani, akaizunguka mashine hadi kwenye moteri. Akainama. Akasugua kwa kidole gumba pale penye bati la kiwanda, na rangi ya meli, ambayo bado ilikuwa mbichi, ikatoka kama siagi. Chini yake zikajitokeza herufi za zamani na kutu ya zamani. Alizisoma kwa muda. Mjumbe alikuwa amefika na kusimama kando yake. Walitazamana, wale wakubwa wawili, na mimi nilikuwa karibu vya kutosha kuona kwamba hakuna aliyeshangaa sana.

Sasa! nilijiambia. Sasa atasema. Moyo ulikuwa ukinipiga kuliko ngoma.

Mzungu alifuta kidole kwa kitambaa chake. Akafungua kile kifurushi bapa. Kilikuwa kibao cha shaba nyeupe kinachong'aa, cha mviringo, ukubwa wa sinia dogo, kimeandikwa kwamba mashine hii imesimikwa kwa mkopo wa urafiki kati ya nchi yake na Zaire. Akatoa bisibisi mfukoni. Akakifunga ukutani mwenyewe, skrubu kwa skrubu, kwa uangalifu mkubwa. Mjumbe akapiga makofi, na wote wakapiga makofi.

Nilitaka kumrukia. Mkuu wetu alinishika kiwiko na kunivuta nyuma ya magunia.

"Aliona!" nilimwambia. "Mukubwa, aliona kwa macho!"

"Aliona." Sauti yake nzito ilikuwa imeisha. "Akisema mashine hakuna, deni yake inakufa, na kazi yake inakufa, na urafiki ya inchi zao unaingia mu matata. Akisema mashine iko, deni iko muzima. Unaelewa? Hawakukopesha mashine, mutoto. Walinunua rafiki." Aliitazama karanga mkononi, akaitupa. "Na miye njo nilitafuta rangi."

Sijawahi kumwona mtu mzima amedhalilika hivyo kwa kosa la kupokea wageni vizuri. Wageni waliingia magarini kwenda kula kwa Kamishna, mkuu wa serikali wa pale kwetu. Mjumbe alipita karibu yangu, akaniambia kwa upole kwamba nina Kifaransa kizuri mno kwa mji mdogo. Nilijua maana yake. Nilimjibu kwamba nimejifunza hapa hapa, aksanti.

Magari yakaondoka na moshi wake. Moteri bado ilikuwa ikinguruma chinichini, imesahauliwa. Mafundi wa reli wakasogea wazime, wafyonze mazutu iliyobaki, wairudishe karakana. Wakamkuta mama amesimama mbele ya tangi.

"Mama, tuache. Mazutu ni ya reli."

"Ilikuwa ya reli," alisema mama. "Imeshaingia mu tumbo ya mashine. Weye unatoaka chakula mu tumbo ya muntu?"

Walicheka, na aliyecheka ameshindwa. Mama akageuka, akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani mwangu, ule wa kuita watu kwenye moto au kwenye nyama. "Leteni mpunga! Yote! Leteni!"

Mikelenge ikakimbia. Wanawake walitoka majumbani na makapu, na mabeseni, na mito ya kulalia iliyojazwa mpunga. Ng'ambo ya mto, Alunguli wakasikia moteri imepanda sauti wakaelewa bila kuambiwa. Mitumbwi ikajaa, ikavuka ikiwa imelala hadi karibu kunywa maji. Nilivua vile viatu vya kisigino nikabeba makapu. Mkuu wetu alivua abakosti, ambayo ni jambo nililodhani haliwezekani, akashika koleo akawa anamimina mpunga akiimba wimbo wa kanisani kwa ile sauti nzito, imemrudia yote. Hata wacheza animasyo walirudi, jasho likiwatiririka juu ya sura ya Kiongozi, wakashika nyungo. Pumba zilitanda hewani. Tulikohoa, tulicheka, tuligombania zamu, tulipatana. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ana kiasi gani. Mama alisimama mdomoni mwa mashine amekuwa mweupe kuanzia kope hadi vidole, akipokea mchele na kuutupa kwenye nyungo. Nilitambua baadaye, nikikumbuka, kwamba alikuwa akiupokea kwa mikono yote miwili.

Jua lilikuwa bado halijafika majini moteri ilipopiga chafya. Ikakohoa. Wote tukasimama na makapu yetu. Ikazunguka kidogo kwa mazoea tu, ikanyamaza, na ghafla tukausikia mto.

Wanawake wakapiga vigelegele, kwa muda mrefu sana, kana kwamba tumetoka kumzika mtu mwema.

Mafundi walirudisha mkanda wao karakana, na mbuzi walirudi kwenye nyumba yao iliyopakwa rangi. Mkuu wetu alihamishwa kabla ya mvua kwisha, na mimi nikaondolewa kwenye ukalimani nikabaki na kupiga chapa. Mchi wa mama ulianza tena asubuhi, na mimi nikaendelea kumfunga kitambaa. Lakini siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta mtungi wa maji jikoni umefunikwa kwa kitu kinachong'aa. Nilisogea. Ulikuwa urafiki kati ya nchi ile na Zaire, umelala kifudifudi juu ya mtungi, na umetosha kabisa.

"Mama! Ile ni mali ya serikali! Watakufunga!"

"Nilikifungua na kisu, muchana, watu wote wanaona," alisema mama. Alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. "Hata mumoja hakuniuliza. Deni iko yangu, si ndiyo? Basi na kibao iko yangu. Njo kitu peke yake kilifika."

Mama hayupo tena, na jina la nchi limebadilika, lakini mtungi ninao na kifuniko chake ninacho. Wajukuu wake wamejifunza kusoma kwa herufi zile. Mara kwa mara redio husema kwamba serikali inaendelea kulipa madeni ya zamani, na bado moyo hunidunda, mazoea hayana dawa. Huinuka nikaenda jikoni. Nainua kibao, nachota maji ya baridi, nakunywa, halafu nafunika vizuri wadudu wasiingie.